Fundo la Aproni

Ukiambiwa na nesi kwamba unaumwa, angalau unajua la kufanya. Unakaa kitako, unalia kidogo, unapewa dawa, unarudi nyumbani. Mimi niliambiwa jambo la ajabu zaidi: siumwi, ila nisiongezeke. Nilicheka. Nawaandikia nyie mtakaocheka kama nilivyocheka, na hasa wale ambao nyumbani kwao kuna mgonjwa wa kunyanyuliwa, maana sisi wauguzaji ndio wa mwisho kujiangalia.

Mgonjwa wangu ni dada yangu Yustina. Tumbo moja, yeye wa kwanza, mimi nimemfuata. Alipata kiharusi shambani kwake upande wa Katumba, msimu wa kuvuna mahindi. Walimkuta amekaa kwenye tuta, mdomo umeenda upande, gunia tupu bado liko mapajani. Mkono wa kulia na mguu wa kulia vilikataa kazi, na maneno yakamtoka yote. Anasikia na anaelewa kila kitu, ila akitaka kusema inatoka sauti tu, kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya mto. Mume wake alishafariki na watoto wake wako mbali, kwa hiyo nikamleta kwangu Nsemulwa. Mume wangu, Baba Doto, alirudi kutoka porini kwenye mizinga akakuta kitanda kiko sebuleni na makochi yamebanwa ukutani. Akavua kofia, akamsalimia shemeji yake, akaenda kuoga. Kugombana tuligombana baadaye.

Sisi ni Wakonongo, watu wa asali. Baba yetu alikuwa mrina asali, na mimi nikaolewa na mrina asali. Yeye analeta madumu, mimi nauza kwenye kibanda mbele ya nyumba. Asali haiuzwi kama chumvi. Mteja anaogopa kuuziwa maji ya sukari yaliyochemshwa, na waliouziwa hivyo ni wengi, kwa hiyo kwetu muuzaji huonja kwanza. Unafungua dumu mbele yake, unachota kijiko, unameza huku anakutazama koo, ndipo na yeye anaonja. Akija mwingine anayetaka dumu la pili, unaonja la pili. Hiyo ndiyo heshima ya kazi, na mimi nilikuwa nasifiwa sokoni kwa kuonja kijiko kilichojaa, siyo kugusa ncha kama wale wenye wasiwasi na mali yao.

Kila mwezi nilikuwa nampeleka dada kwenye kliniki ya presha katika kituo cha afya cha kwetu. Mtu ambaye hajakaa kwenye lile benchi asiniambie kuhusu subira. Mnafika alfajiri mnamkuta mwenye mkongojo ameshafika. Mnasogea kalio kwa kalio kuelekea mlangoni, na kila anayetoka mnamsoma uso kama mnavyosoma matokeo ya mtihani. Dada aliegemea bega langu na mimi nikaegemea ukuta. Humo ndani alikuwa nesi mmoja, mama wa makamo wa Kifipa, jina lake Adelina, anaongea polepole hadi unatamani kummalizia sentensi. Siku hiyo alimpima dada, akaandika, halafu akanitazama mimi.

"Na wewe mama, panda kwenye mzani."

Nikamwambia mimi ni msindikizaji tu. Akasema wasindikizaji ndio anaowatafuta. Nikapanda, basi, kwa kumridhisha. Akanipima kiuno kwa utepe wa fundi cherehani, akanifunga mkanda wa presha mkononi, akaujaza upepo mara mbili. Kisha akaweka kalamu chini na kuanza kuniuliza siku yangu inavyokwenda: naamka saa ngapi, nakula nini, nakaa wapi, natembea hadi wapi. Hakunigombeza hata kidogo, na nadhani ndiyo maana sikumsikia vizuri. Alisema presha yangu haijaingia ndani ila inachungulia mlangoni, na kwa kuwa ni ndugu wa damu wa huyu hapa, nichague kungoja mabaya au kuyawahi mapema.

"Sikwambii ukonde," alisema. "Kilo ulizo nazo, simama nazo hapo hapo. Usiongeze. Unaweza hilo?"

Ni hapo nilipocheka. Jirani yangu Mama Shabani, anayeuza mchele kibanda cha pili, nilipomsimulia alicheka zaidi yangu, akasema basi serikali imepata kazi mpya, ya kuwaambia watu wasimame.

Hofu ilikuja kesho yake asubuhi. Nilikuwa namwogesha dada, nimeuweka mguu wake uliokufa juu ya paja langu niusugue kisigino, na mguu wangu uko kando yake. Ilikuwa miguu ya mtu mmoja. Kidole cha pili kirefu kuliko gumba, kifundo kinene, mshipa ule ule unaopanda kwa ndani. Ni miguu ya mama yetu. Na mama naye alianguka ghafla akiwa anapeta mchele, tukasema karogwa, tukagombana na ukoo mzima kwa sababu ya hilo. Nikakaa na lile dodoki mkononi, maji yanapoa. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kitu chochote chenye meno.

Basi nikaanza kufuata maneno ya nesi kama katekisimu. Chapati za asubuhi niliacha. Soda niliacha. Ugali nikawa naupakua kwenye kisahani cha chai, Baba Doto akauliza kama tumepata paka. Kabla ya kufungua kibanda nilitembea mpaka stesheni ya reli na kurudi, nimejifunga kitenge kichwani ili watu wasinitambue, nao wote walinitambua. Na sukari niliacha kabisa, hata haikuingia tena ndani ya nyumba. Chai yangu na ya dada nikawa naikoroga kwa asali. Asali ni dawa, nani asiyejua? Kwetu mtoto akizaliwa anaguswa ulimi kwa asali, na mgonjwa anapewa asali kabla hajaombwa maji.

Kliniki iliyofuata nilipanda mzani kwa mbwembwe. Kilo zilikuwa zimeongezeka. Nesi Adelina akarudia maswali yake na mimi nikamjibu kila kitu, hata mara ya mwisho niliyokula andazi. Akaniambia nisikate tamaa. Nilikata tamaa palepale, ila kwa siri. Kliniki ya baada ya hapo zikaongezeka tena, na presha ikawa imeshavuka kizingiti. Kwenye benchi nilianza kumtazama kila mgonjwa wa kupooza na kujiuliza mimi nitashikwa upande gani. Kama ni wa kulia, maneno yatanitoka, na nani atamwambia Doto, binti yangu aliyeko chuoni, mahali nilipoweka vitu vyake. Kama ni wa kushoto, labda nitaongea, lakini nitamnyanyuaje dada. Mawazo ya namna hiyo hayakuniacha hata nikichambua mboga.

Nyumbani sikupata msaada. Baba Doto alikuwa anaona mwili wangu ni tangazo la biashara. Alisema mke wa mrina asali akikonda, watu watadai mizinga ni ya kuazima. Nilipomwambia naogopa, alisema hofu ndiyo inayoleta presha, niache kwenda kule kwa nesi na presha itaniacha. Nilimnunia wiki nzima, na yeye akaenda porini akiwa ameshukuru kupata pa kwenda.

Halafu dada akaanza kuniogopesha kwa namna nyingine. Lazima niwaeleze namna tunavyonyanyuana. Dada anakaa ukingoni mwa kitanda, mimi nasimama mbele yake nimekunja magoti, naweka mikono yangu chini ya kwapa zake. Yeye anapitisha mkono wake mzima, wa kushoto, ubavuni mwangu mpaka nyuma, anashika fundo la aproni yangu ya dukani pale kwenye uti wa mgongo. Mimi nahesabu, yeye anavuta fundo, tunainuka pamoja, tunazunguka, anakaa kwenye kiti chake cha plastiki chenye mikono. Kisha namsogeza kibandani, anashinda pale ananitazama nikiuza.

Mvua za kwanza zilipoanza, ule mkono ulikuwa haufiki tena kwenye fundo. Ulipapasa, ukaishia ubavuni, ukashika gauni. Siku nyingine uliteleza kabisa nikambeba kwa nguvu zangu peke yangu. Nikajua kiharusi cha pili kinakuja, na safari hii kinachukua mkono wa kushoto, ule mmoja uliobaki. Sikumwambia mtu. Nilikuwa nampa kijiko akishike, nampa kikombe, kumjaribu, na yeye ananitazama kwa hasira kama mtu anayeulizwa jina lake nyumbani kwake.

Tulianguka asubuhi moja mvua inanyesha. Nilihesabu, nikamnyanyua, mkono wake ukateleza, na katikati ya kuzunguka masikio yangu yakaanza kulia na sebule ikahama. Nakumbuka nilijitahidi nianguke chini yake. Tukawa sakafuni kati ya kitanda na kiti, yeye kifuani kwangu, uso wake karibu na wangu, macho yamemtoka. Nilitaka kumwambia usiogope, lakini nilikuwa naogopa kufungua mdomo. Mwisho nikajaribu kutaja jina langu, nisikie kama ulimi umepinda. Nikalitaja, nikalirudia. Yeye akawa ananishika shavu kwa ule mkono wake, upande mmoja, halafu upande wa pili, akitafuta kama mdomo wangu umeenda kombo. Sote wawili tulikuwa tunatafuta kitu kile kile. Hakuna aliyeweza kumwinua mwenzake. Tulilala hivyo mpaka Mama Shabani alipokuja kuuliza mbona kibanda hakijafunguliwa, naye akapiga kelele ya kuita mtaa mzima.

Bajaji ilitupeleka wote wawili. Nilipimwa presha, nesi Adelina akaniambia nilale kwenye kitanda cha pazia, akamwita daktari. Nikameza vidonge. Nilipimwa tena, na tena, mpaka walipoacha kutazamana. Nilipokuwa nimelala pale, dada kawekwa kwenye kiti pembeni, ndipo nilipotoa lile la moyoni. Nilimwambia nesi, mhudumie huyu kwanza, mkono wake mzima unakufa, haufiki tena mgongoni kwangu.

Nesi alimpa dada vidole viwili avibane. Dada alivibana mpaka nesi akaomba aachiwe. Akamwambia anyooshe mkono juu, mbele, nyuma. Dada akafanya yote.

"Mkono huu hauna tatizo," nesi alisema. "Hebu simama polepole, mnioneshe mnavyonyanyuana."

Nilisimama mbele ya dada na aproni yangu, maana nilitoka nyumbani bila kuivua. Dada akapitisha mkono. Ukaishia pale pale ubavuni. Nesi alizunguka nyuma yangu, akashika mishipi ya aproni, akaipima kwa vidole. Kisha akaniuliza kama zamani nilikuwa nafunga kitanzi kirefu. Nilikuwa nafunga, ndiyo, na ncha zilikuwa zinaning'inia. Sasa mishipi ilikuwa inakutana kwa shida, fundo dogo kama punje ya mahindi. Mkono wa dada haukuwa umefupika. Ni mimi niliyeongezeka, na yeye alilijua hilo kila asubuhi, kwa vidole, bila mdomo wa kusema.

Nesi akakaa. Akaanza upya: asubuhi nakula nini, mchana nini. Nikarudia yale yale nikiwa nalia, kwamba sukari haipo, soda haipo, chapati haipo, nimefanya kila kitu. Hapo dada akatoa sauti. Tulipogeuka, alikuwa amekunja vidole vya mkono wa kushoto kama ameshika kitu, akaupeleka mkono chini, akaupandisha mdomoni, akameza. Akarudia. Chini, mdomoni, kumeza. Nilidhani ana njaa, nikamwambia subiri dada, tutakula nyumbani. Akagonga mkono wa kiti kwa hasira, akaninyooshea mimi kidole, akarudia: chini, mdomoni, kumeza. Hakuacha. Aliendelea hivyo kama mtu anayehudumia foleni ya wateja.

"Anasema unakula nini, mama?" nesi aliuliza.

Nikautazama ule mkono, nikasema, "Asali. Lakini ile siyo kula. Ile ni kuonja."

Akaniuliza naonja mara ngapi. Ningejuaje? Nani anahesabu pumzi zake? Nikamwambia kila mteja, kila dumu. Nikamwambia na chai pia, maana sukari niliacha. Nesi Adelina alifunga macho kidogo. Alisema kosa ni lake pia, aliuliza chakula hakuuliza kazi. Akanieleza bila kunidhalilisha kwamba tumbo halijui hiki ni biashara na hiki ni chakula, na asali, pamoja na sifa zake zote, kwa mwili wangu inahesabika kama sukari nyingine. Mama Shabani, aliyetusindikiza na aliyekuwa amesimama mlangoni, akasema kile ambacho sote tulikijua tangu utotoni: chovya chovya humaliza buyu la asali. Nilikuwa nimeusikia msemo huo maisha yangu yote, nikidhani unamhusu mwenye buyu, siyo anayechovya.

Mnaweza kudhani yaliyofuata yalikuwa rahisi. Hayakuwa. Niliacha kuonja, nikawa nampa mteja kijiko aonje mwenyewe, na wateja wakaanza kunitazama. Mwenye asali haonji asali yake, kuna nini humo? Alikuja mfanyabiashara wa Dodoma, mtu aliyekuwa anachukua mzigo kwangu kila msimu. Nilifungua dumu la kwanza nikampa kijiko. Akaungoja mkono wangu. Nikamwambia siku hizi siionji, nina presha. Alicheka kistaarabu, akasema kijiko kimoja tu, mama, kwa ajili ya heshima. Dada alikuwa kwenye kiti chake. Nilimtazama, nikajiona kama alivyoniona sakafuni siku ile, akinipapasa shavu kutafuta mdomo uliopinda. Nikamwambia yule bwana asali ni safi, nimekula vijiko vyangu vyote vya dunia hii. Alifunga pochi yake, akaenda kununua kwa mwingine.

Baba Doto aliposikia aliwaka. Alisema naua biashara kwa hofu ya kitu ambacho hakijatokea. Hapo ndipo nilipomjibu, na sikupandisha sauti.

"Nikianguka mimi, wewe utamgeuza dada asubuhi? Na mimi utanigeuza? Chagua unaanza na nani."

Alikaa kwenye kochi lililobanwa ukutani, akatazama kitanda cha shemeji yake kwa muda mrefu. Kesho yake alirudi porini. Masika ilikuwa inaisha, ni wakati wa kurina. Aliporudi hakuniomba radhi, maana hajui zinaombwaje, lakini hakuja na madumu. Alikuja na ndoo nyeupe za plastiki, zimejaa masega mazima, hayajakamuliwa, nta bado imefunika vijumba. Akasema masega hayaghushiwi kwa sukari, mtu ataona kwa macho yake na hatahitaji koo la mtu. Akaziweka mstari wa mbele kibandani, akafuta mikono. Wateja hawakurudi wote, ila waliorudi hawanitazami koo. Yule wa Dodoma sijamwona.

Bado nameza vidonge na bado naogopa. Sitawadanganya. Kila nikiamka, kabla sijafungua macho, nasema jina langu kimya kimya, nikilikuta lipo ndipo namshukuru Mungu. Nikipita stesheni asubuhi moyo ukienda mbio najiuliza ni kwa kutembea au ni kiharusi chenyewe kimefika. Nesi anasema usipoziba ufa utajenga ukuta, na mimi namwambia wengine tulianza kuziba ukuta ukiwa umeshainama. Kliniki ya kwanza baada ya yale masega nilipanda mzani nimefumba macho. Akaniambia nifumbue. Ilikuwa namba ile ile ya kliniki iliyopita, haikupanda hata kidogo. Nilikuwa sijawahi kusimama mahali pamoja nikafurahi kiasi kile. Iliyofuata ikashuka kidogo, akasema hakuniomba hilo lakini analipokea.

Juzi asubuhi nilikunja magoti mbele ya dada kama kawaida, nikaweka mikono chini ya kwapa zake. Mkono wake ukapita ubavuni, nikausikia unatambaa taratibu nyuma, ukapapasa, ukagusa ncha za mishipi. Nikabaki nimekunja magoti, nikiogopa kuufukuza. Ukasogea tena kidogo mpaka kwenye uti wa mgongo. Nikaanza kuhesabu. Lakini dada hakushika fundo. Alivuta ncha, fundo likafunguka, aproni ikaanguka miguuni kwangu, na yule mtu ambaye sikuwa nimemsikia akicheka tangu siku ile ya gunia akacheka mpaka mate yakamtoka. Niliinama nikaiokota, nikaifunga upya, na safari hii nikaacha kitanzi kirefu. Akalishika fundo. Nikahesabu tena, tukainuka.